Askari wa Ruzizi na Wapagazi Wao

Sisi tukaao Sange twaujua mto Ruzizi kwa mashamba na ng'ombe. Lakini vita vilipoanza mwaka 1914, mto huu ulikuwa mpaka: upande wetu Wabelgiji, ng'ambo Wadachi.

Jeshi la Kongo liliitwa Force Publique. Katika bataliani zake watu wa makabila mbalimbali walichanganywa makusudi, wasije wakaasi pamoja. Lugha yao ya jeshi ikawa Kilingala. Mwaka 1916 Jenerali Tombeur aliamuru kusonga mbele. Bataliani za kusini, chini ya Olsen, zikatwaa Usumbura na Kitega mwezi wa Juni. Tarehe 19 Septemba Tabora ikatekwa.

Lakini askari hali risasi. Nyuma ya kila bataliani walifuata wapagazi, wengi wao wametolewa vijijini kwa nguvu, vichwani wamebeba vyakula na masanduku ya baruti. Maelfu walikufa kwa kuhara, kwa baridi na kwa kuchoka; waliokufa hivyo wakawazidi sana askari waliouawa vitani.

Baadaye Tombeur alifanywa baroni, na jina la Tabora likaungwa na lake. Wapagazi je? Wengi wao hata kaburi halijulikani.

Yuda Makabayo alikusanya fedha ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliokufa. Basi, ndugu wasomaji, mwezi wa Novemba tuwaombeapo marehemu, tuwakumbuke na hao waliobeba mizigo. Mungu hahitaji kitabu cha jeshi apate kuwajua.