Watani wa Jadi Karagwe na Kyerwa

Karagwe imezoea kuupokea mwambao kutoka mbali. Katika karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa pwani, wakipitia Tabora, walikuwa na makazi yao Kafuro, ndani ya ufalme wa Rumanyika. Speke alifika katika ufalme huo 1861, na Stanley alipopita 1876 alimkuta Kafuro Hamed bin Ibrahim, mwenyeji wa miaka mingi. Watu hao walifuata pembe za ndovu, wakaleta nguo na shanga, na lugha yao ikabaki. Karne iliyofuata mwambao ukapeleka huko kitu kisichohitaji wapagazi, nacho ni ushindani wa timu mbili za Dar es Salaam.

Yanga iliasisiwa 1935. Mwenzake alizaliwa mwaka uliofuata, akabadili majina hata akaitwa Sunderland, na 1971 akalitwaa jina la Simba; husimuliwa kwamba Mzee Abeid Amani Karume ndiye aliyewataka wenyewe waachane na jina la Kiingereza. Vijana wa Kayanga, Nkwenda na Murongo hawakupata kuiona Jangwani wala Msimbazi. Waliozijua timu hizo walizijua kwa masikio, kwa njia ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa sauti za kina Charles Hilary na Halima Mchuka. Jukwaa lao la utotoni lilikuwa ua wa jirani mwenye redio na betri nzima. Wazee walikalia viti, watoto wakachuchumaa chini, na kila bao likapokewa kwa vigelegele upande mmja na kimya upande wa pili. Uwanja wa kweli, Kaitaba, ulikuwa Bukoba, na njia yake ilipita Kyaka, mahali ambapo daraja lilivunjwa katika vita vya 1978. Aliyebahatika kufika huko akaiona RTC Kagera ikicheza alirudi kijijini na masimulizi ya kumtosha mwaka mzima.

Mpenzi wa tungo akiyasikiliza mabishano ya mashabiki wa huko ataitambua sura yake. Kagera ni nchi ya tendi za nanga, alizozitafiti Profesa Mugyabuso Mulokozi, na ni nchi ya majigambo, ambamo shujaa husimama mbele ya watu akayataja matendo yake, na mahali alipoyatenda. Shabiki naye hufanya vivyo hivyo. Wa Yanga hutangulia na 1 Juni 1968, mabao matano kwa bila. Wa Simba humjibu kwa 19 Julai 1977, sita kwa bila, matatu yakiwa ya Abdallah Kibadeni peke yake. Wa Yanga humrudisha Nyamagana, Mwanza, 1974, mbili kwa moja, na hapo hujivuna zaidi, kwani mchezo huo ulichezwa kando ya ziwa lao. Wa Simba hutoa 6 Mei 2012, tano kwa bila. Wa Yanga hufunga kwa 5 Novemba 2023, tano kwa moja. Kila beti ina jibu lake, na kila jibu huapiwa kwa kumbukumbu ya utotoni: nani alikuwa ameketi wapi, redio ilikuwa ya nani, na nani alilala bila kula kwa majonzi.

Mabao yakiisha, hugeukiwa uongozi. Hapo utani hupungua na hoja huanza kuwa nzito. Huyu atakumbusha mfarakano wa Yanga wa katikati ya miaka ya 1970, uliowatoa wachezaji na wanachama kadhaa wakaunda Pan African, timu iliyokuja kuwa bingwa wa nchi 1982. Yule ataitaja Desemba 2017, Mohammed Dewji alipotangazwa mshindi wa zabuni ya hisa 49 kwa mia za Simba kwa shilingi bilioni 20, wanachama wakiachiwa 51. Yanga nayo iliingia njia ya mabadiliko wanachama wake walipopitisha katiba mpya 2021, na mwaka uliofuata wakamchagua Hersi Said kuwa rais.

Wakulima wa kahawa hawakuhitaji kufundishwa maana ya mambo hayo. Chama chao cha ushirika, kilichoanza kwa jina la Bukoba Native Co-operative Union 1950, kilivunjwa pamoja na vyama vikuu vingine vyote kwa amri ya serikali 1976, kisha ushirika ukarejeshwa kwa sheria ya 1982. Mwaka 1990 Karagwe ikajitenga na kuwa na chama chake, KDCU. Mtu aliyepeleka kahawa yake mizanini akangoja malipo anajua tofauti ya kuitwa mwenye mali na kuwa mwenye kauli. Kwa hiyo anapouliza hisa 51 za wanachama zina nguvu gani mbele ya 49 za mwenye fedha, anauliza swali la maisha yake. Na mwenzake anapomjibu kwamba bila fedha hakuna timu, naye anasema kweli: Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika 2023, na Simba ikaifikia 2025, mchezo wa marudiano ukichezwa hapa Amaan mbele ya macho yetu.

Lakini wabishi hawa wawili, wengi wao, hawana kadi wala kura katika klabu yoyote ya hizo. Haki yao ni kumbukumbu tu. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe 2012 ikawa wilaya kamili, nayo ilichukua sehemu yake ya ubishi huo bila kupunguziwa. Wakati huohuo timu waliyoweza kuifikia ilikuwa Kagera Sugar, ya kiwanda cha sukari cha Missenyi, iliyocheza Kaitaba kwa miaka mingi katika ligi kuu. Simba au Yanga ilipokwenda huko, majukwaa yalijaa nyekundu na kijani, zilizovaliwa na wenyeji. Mwaka 2025 Kagera Sugar ikashuka daraja.

Hatuwalaumu. Mapenzi ya utotoni hayahamishwi kwa hotuba, na sisi wa visiwani tuna viwanja vyetu vinavyojaa kwa ajili ya timu za ng'ambo. Ila hasara ni ya dhahiri: mtoto wa Nkwenda mwenye kipaji alihitaji mahali pa karibu pa kuonekana, na timu ya mkoa inaposhuka, njia yake ya kwenda Jangwani au Msimbazi hurefuka. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kagera Sugar ilicheza kwao, na watunzaji walikuwa wamekwisha kuiweka tunza yao Dar es Salaam.