Majina Yaliyolala Katika Makaratasi

Mtu avukaye daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, akashika njia ya Kisauni, haendi mbali kabla ya kufika mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele iliyotundikwa hapo zamani ili kuwaonya wenyeji wa Frere Town kila walipoonekana wateka watumwa. Mnara wake ungaliko. Abiria hulitaja jina hili kila siku wakitaka kushushwa, nami nilipita hapo miaka mingi bila kuuliza ni nani walioisikia kengele hiyo.

Kijiji cha Frere Town kilianzishwa na misheni ya Church Missionary Society baada ya William Salter Price kufika Mombasa mwaka 1874. Kilipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja kumshawishi Sultani Barghash aizuie biashara ya watumwa. Waliokaa humo walikuwa watu waliookolewa majahazini, na pamoja nao vijana wa Kiafrika waliokwisha pelekwa Bara Hindi na kusomeshwa katika shule ya Nasik, jimbo la Bombay. Vijana hao walijua kusoma na kuandika Kiingereza, na baadhi yao wamo katika historia ya jiografia, ingawa si wepesi kuonekana.

Maana historia ya upelelezi wa Afrika iliandikwa kwa muda mrefu kana kwamba Mzungu mmoja alitembea peke yake nyikani. Mtafiti wa siku hizi atafutaye shahada ya udaktari katika somo hili hana budi kwenda kwenye hifadhi za hati: za Royal Geographical Society huko London, za misheni katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na za serikali huko Nairobi na Unguja. Hukaa miezi akifungua masanduku ya barua, orodha za mishahara na madaftari ya njiani. Kazi hiyo huchosha macho, tena yaweza kupita siku nzima asipate neno moja la kumfaa.

Na tutazame mfano wa Jacob Wainwright. Mwaka 1872 Stanley alituma msafara kutoka Unguja kumpelekea Livingstone watu na vifaa. Miongoni mwao walikuwamo vijana sita wa Nasik, na Wainwright alikuwa mmoja wao. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, katika nchi iitwayo leo Zambia, moyo wake ulizikwa chini ya mti. Wainwright ndiye aliyesoma sala za maziko, na ndiye aliyechonga maandishi katika mti ule. Kisha yeye na wenzake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuchukua mwili mwendo wa kilomita zipatazo 1,600 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Tarehe 18 Aprili mwaka uo huo Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza katika kanisa la Westminster Abbey. Chuma na Susi walifika Uingereza maziko yamekwisha.

Basi, huyu aliandika daftari lake mwenyewe. Lilichapwa mwaka 1874 kwa tafsiri ya Kijerumani, na kwa miaka mingi hiyo tafsiri ndiyo iliyojulikana zaidi. Daftari lenyewe limehifadhiwa katika makumbusho ya Livingstone, Blantyre, Uskoti. Kurasa zake zilitolewa kwa njia ya intaneti mwaka 2019. Mwenzake wa Nasik, Carus Farrar, naye aliandika habari za kifo kile. Taarifa yake ilikaa katika karatasi za misheni hata ikachapwa katika jarida la Uganda Journal mwaka 1950. Si kweli, basi, kwamba Waafrika hawa hawakusema. Walisema, tena kwa wino. Waliokosekana ni wasikilizaji.

Kuna waliosema bila wino pia. Mwaka 1856 wamisionari Erhardt na Rebmann, ambao makao yao yalikuwa Rabai, bara ya Mombasa, walitoa ramani yenye ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la koa. Wasomi wa Ulaya waliicheka. Wafanya biashara wa misafara walikuwa wameeleza kwamba wakifuata njia mbalimbali hufika kwenye maji makuu, nao walisema kweli: moja ilikwenda Nyasa, nyingine Tanganyika, nyingine Nyanza. Kosa ni la walioyaunganisha maji hayo yakawa ziwa moja. Hata hivyo ramani ile ilichochea safari ya Burton na Speke. Kichwa chake kinawataja watoa habari kwa ujumla tu, wenyeji na wasafiri Waislamu wengi. Majina yao hayamo.

Shida ya majina humsumbua mtafiti kuliko shida ya mwandiko. Matthew Wellington, mmoja wa wale sita, aliyekufa Mombasa mwaka 1935, alizaliwa Myao akaitwa Chengwimbe. Jina la pili alipewa baada ya kukombolewa. Atafutaye Chengwimbe katika orodha ya hifadhi huenda asione kitu. Akitafuta Wellington atapata kidogo. Wainwright naye alifariki Urambo mwaka 1892, na kwa kawaida mtu hulazimika kupitia jina la Livingstone ili ampate.