Utupu na Nafasi Yake katika Kumbukumbu ya Kompyuta

Neno sifuri lilitoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni utupu. Wanahesabu waliupa utupu alama. Waandishi wa programu walilazimika kuuamulia pia makao.

Mwaka 1965 Mwingereza C. A. R. Hoare, akishirikiana na Niklaus Wirth katika lugha iliyokuja kuitwa ALGOL W, aliruhusu rejeo liwe tupu, yaani lisielekeze kitu chochote. Utupu huo haukudai nafasi zaidi ya ile iliyokwisha kutengwa kwa rejeo lenyewe. Lakini ilimpasa mwandishi kuuliza kila mara kama kitu kipo. Aliyesahau, programu yake ilikatika. Akihutubia London mwaka 2009, Hoare aliuita uamuzi huo kosa lake la dola bilioni moja.

Katika miaka ya 1990 Bobby Woolf alieleza njia nyingine: mahali pa rejeo tupu pawekwe kitu halisi, kinachopokea maagizo yote kama wenzake ila hakitendi neno. Maswali hutoweka. Waliotilia shaka walidai kwamba kumbukumbu italiwa bure, na dai hilo ni nusu ya ukweli. Mti wa data ambao kila kifundo chake kina matawi mawili, ukiwa na vifundo 1,000,000, una nafasi tupu 1,000,001. Kila nafasi ikipewa kitu tupu chake cha baiti 16 (kipimo ambacho kwa muda mrefu kilikuwa cha kawaida kwa kitu kidogo kabisa cha Java katika mashine za biti 64), zitatumika baiti zaidi ya milioni 16 kuhifadhi kutokuwepo. Zote zikielekezwa kwa kitu kimoja, ni baiti 16 tu, hata mti ukue namna gani. Gharama basi imo katika idadi ya nakala.

Ndiyo maana kitabu cha Cormen na wenzake, katika toleo lake la 2 la mwaka 2001, kiliuwekea mti mwekundu-mweusi mlinzi mmoja badala ya majani yote matupu. Hata hivyo ushirika huo una sharti, nalo husahauliwa mno: kitu kinachoshirikiwa kisibebe habari za mmoja wa washirika. Katika kufuta kifundo, utaratibu wa kitabu hicho huweza kuandika ndani ya mlinzi jina la mzazi wa muda. Miti miwili ingeshirikiana mlinzi huyo, na kila mmoja ukashughulikiwa wakati uleule, mmoja ungesoma mzazi wa mwenzake. Kwa hiyo kila mti una mlinzi wake.