Kipese tunayoikumbuka

Wandugu wanachama, na ninyi mnaotusaidia kutoka mbali,

Wakati tulikuwa Butembo, familia tatu katika nyumba moja ya kulipa, mazungumzo ya jioni yalikuwa Kipese tu. Kule maji ni ya bure, huku kila bidoni ni franga. Kule viazi vinatoka nyuma ya nyumba. Hata baridi ya milima ya Lubero tuliisifu! Tulisema: turudi, kijijini maisha ni mepesi.

Lakini wazee wetu hawakuyaita mepesi. Wakati wa Wabeleji kulikuwa mazao ya lazima na kazi ya barabara. Aliyekataa alijua fimbo na gereza. Wazungu walikata mashamba makubwa katika milima yetu, na mwaka 1973 Mobutu alipoyachukua, hayakurudia watu wa kijiji. Yalienda kwa wenye majina. Mwaka uleule sheria ya tarehe 20 Julai ilisema udongo wote ni wa Serikali. Sisi tuliendelea kutoa mbuzi wa muhako kwa mkubwa wa udongo, tukiamini yametosha. Aliyejua njia ya ofisi alipata karatasi, hata juu ya shamba ambalo mwingine alikuwa analima.

Ndiyo sababu vijana waliondoka. Wengine walishuka upande wa Beni kutafuta udongo, wengine Mangurejipa kwa dhahabu, na wengi Butembo, mji ulioanza kama kambi ya kampuni ya migodi. Hiyo ilikuwa mbele ya vita. Kijiji tulichokililia ndicho kilikuwa kimewasukuma ndugu zetu mjini.

Halafu vita. Kanyabayonga ilianguka mwezi wa sita 2024, na kabla ya mwaka kuisha mapigano yalikuwa Alimbongo. Tulikimbia na watoto na magodoro juu ya chukudu. Nani alikumbuka kubeba karatasi? Na wengi hatukuwa nayo.

Sasa tumerudi, na kazi ngumu si kujenga. Mama mmoja wa likelemba yetu, mjane, alikuta maharagwe ya mtu mwingine katika shamba la bwana wake. Miti ya mpaka imekatwa kuwa kuni. Yule aliyepokea mbuzi amekufa, na mashahidi wamebaki wawili, wote wazee.

Mbegu na majembe mliyotuma yamefika, tunashukuru sana. Lakini mbegu inaomba shamba. Mama yule bado ana gunia lake la mbegu ndani ya nyumba, halijafunguliwa.

Kwa hiyo komite imeanza kutembea mipaka kila siku ya posho, pamoja na majirani na wazee, na kuandika: nani alitoa muhako, kwa nani, mbele ya nani. Tunahitaji madaftari, na usafiri wa moto kwa wazee wasioweza kupanda mlima. Tunataka tumalize mbele ya mvua ya mwezi wa tisa. Mwanachama mwenye baba au shangazi anayekumbuka, amlete akiwa bado anakumbuka. Na shamba la mjane litapimwa kwanza.