Amalfi: Mji Uliolima Bahari

Ukijaliwa kuutembelea mwambao wa Amalfi, kusini mwa Napoli, nakushauri, msomaji mpendwa, usiingie kwa basi. Panda boti katika bandari ya Salerno. Barabara inayopita ubavuni mwa milima ilichongwa jabalini katika karne ya 19 tu; kabla ya hapo mgeni alifika kwa chombo cha baharini, au kwa ngazi za mawe na njia za nyumbu. Ukiwa majini utaona jambo ambalo dirisha la basi haliwezi kukuonyesha: hapa hapana ardhi. Milima inashuka moja kwa moja hadi baharini, na mji umejibana katika ufa wa bonde moja jembamba. Watu wa namna hiyo watalima nini? Walilima bahari.

Amalfi leo ina wakazi wapatao 5,000, na wakati wa kiangazi watalii huwazidi wenyeji. Wengi hupiga picha za kanisa kuu la Mtakatifu Andrea, hununua sabuni ya limau, wakaondoka. Wachache huuliza kwa nini mji mdogo kiasi hiki una kanisa lenye milango ya shaba iliyosubuliwa Konstantinopoli katika karne ya 11. Jibu lake ni habari ya uhuru, na ya namna uhuru unavyopotea.

Mwaka 838, Sicardo, mtawala wa Benevento, aliuteka mji huu akawahamishia wakazi wake Salerno kwa nguvu. Mwaka uliofuata aliuawa. Waamalfi hawakungoja mtawala mwingine awapangie mambo: walirudi kwao na wakaanza kuchagua viongozi wao wenyewe. Zingatia kwamba mwanzoni viongozi hao walichaguliwa kwa muda mfupi, kisha wengine wakachaguliwa. Baadaye muda ukarefushwa. Kufikia mwaka 958 uongozi uliingia mikononi mwa ukoo mmoja, na mtoto akamrithi baba. Hapakuwa na vita vya kuuondoa uchaguzi. Ulififia polepole huku biashara ikistawi na matumbo yakishiba. Mimi naona sehemu hii ya historia ya Amalfi inastahili kusomwa kwa makini kuliko orodha ya vita vyake vyote.

Na biashara ilistawi kweli. Mabaharia wa Amalfi walikwenda Konstantinopoli, Tunisia na Misri. Mwaka 996 wengi wao waliuawa jijini Kairo walipotuhumiwa kuwa ndio waliochoma manowari za Khalifa. Hata hivyo hawakuacha kwenda. Huko Yerusalemu walijenga nyumba ya kuhudumia mahujaji na wagonjwa, ambayo ndiyo chimbuko la Shirika la Mtakatifu Yohana. Nyumbani walitumia sarafu ya dhahabu iitwayo tarì, iliyoigwa kutoka kwa Waarabu.

Wewe unayejifunza Kiswahili una sababu ya pekee ya kutembea hapa ukiwa umetega masikio. Karibu na ufuo yamesalia matao ya mawe ya karakana ya kale ya merikebu; sehemu yake nyingine imemezwa na bahari. Waitalia huita jengo hilo arsenale, neno lililotokana na Kiarabu chenye maana ya nyumba ya ufundi, na katika mzizi huo huo ndimo lilimochipuka neno letu sanaa. Forodha huitwa dogana, ambalo asili yake ni diwan. Sisi tunalo diwani. Limone ni ndugu wa limau. Maneno yalisafiri pamoja na shehena, na hayakulipa ushuru popote.

Ndani ya mji utaonyeshwa pia sheria ya bahari ya Amalfi, yenye vifungu 66, vingine vya Kilatini na vingine vya lugha ya wenyeji. Nakala yake ilikaa Vienna kwa muda mrefu, ikarejeshwa mwaka 1929. Sheria hiyo ilieleza namna mwenye chombo, mfanyabiashara na baharia wanavyogawana faida na hasara ya safari, na ni nani wa kushauriwa kabla mali haijatoswa baharini wakati wa dhoruba. Nahodha hakuachiwa kuamua peke yake mali ya nani itoswe.

Pale bandarini imesimama sanamu ya Flavio Gioia, anayesifiwa kwa kuvumbua dira. Ipige picha ukitaka, ila usiisome kama ushahidi. Wanahistoria wengi wanaona kwamba mtu huyo hakuwahi kuwapo, na kwamba alizaliwa kutokana na alama ya mkato iliyosomwa vibaya katika sentensi ya Kilatini.

Anguko lilikuja kwa hatua: Wanormani mwaka 1073, Mfalme Roger II mwaka 1131, kisha manowari za Pisa zilizoupora mji mwaka 1135 na tena mwaka 1137. Mnamo Novemba 1343 dhoruba kubwa ilibomoa mitaa ya chini na bandari. Waliobaki waligeukia bonde lililo nyuma ya mji, ambako maji ya mto yaliendesha nyundo za kuponda matambara hadi yakawa karatasi. Kinu kimoja sasa ni makumbusho. Ingia, uguse karatasi yenyewe.

Kisha panda juu, kwenye matuta ya milimau. Matuta hayo yanashikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na kila ukuta unahitaji mikono ya kuurudishia jiwe lililoanguka. Vijana wanapoondoka kwenda mijini, ukuta hulegea na udongo hushuka. Oktoba 1954 mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 300 katika eneo la Salerno na mwambao huu. Huko Atrani, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Amalfi, mto umefunikwa na barabara. Septemba 2010 ulifumuka, ukayasukuma magari hadi baharini na kumchukua msichana mmoja. Ukipita hapo, simama usikilize: maji yanapita chini ya miguu yako.