Ng'ombe wa Kihamba: Kahawa, Maziwa na Mabadiliko ya Kilimo katika Miteremko ya Kilimanjaro, 1898–2011

Historia ya kilimo cha Kilimanjaro imeandikwa kwa muda mrefu kama historia ya kahawa. Mfululizo wake unafahamika: miche ya misheni, chama cha ushirika, shule na nyumba za mabati, kisha anguko la bei. Makala haya hayaukani mfululizo huo, bali yanadai kwamba umeutazama upande mmoja tu wa kihamba. Upande wa pili ni ng'ombe aliyefungwa nyuma ya nyumba, pamoja na samadi yake na maziwa yake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ufugaji wa zizini, ambao katika maelezo ya miradi ya miaka ya 1980 na 1990 huonekana kama jambo jipya lililoletwa na wataalamu, ulikuwa desturi ya kale katika miteremko hiyo. Kilichobadilika ni aina ya ng'ombe, mahali yanakokwenda maziwa, na mtu mwenye kauli juu ya fedha zake.

Kihamba na zizi lake

Kihamba ni shamba la nyumbani, la kurithiwa, lililo katika ukanda wa kati wa mlima, takriban mita 1,000 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mgomba ndio uliotawala humo, na chini yake magimbi na viazi vikuu. Juu yake iliachwa miti ya kivuli kama mringaringa na mruka, na mpakani yalipandwa masale, jani ambalo Mchagga hulitumia pia kuombea radhi. Maji yalifikishwa kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na kutunzwa na koo kwa ushirikiano. Tambarare, mbali na makazi, kila nyumba ilikuwa na shamba la msimu la ulezi, ambalo baadaye liligeuka kuwa la mahindi na maharage. Ulezi huo ndio uliochanganywa na ndizi kutengenezea mbege, kwa hiyo hata kinywaji cha sherehe kilihitaji kanda zote mbili.

Katika mazingira hayo hapakuwa na malisho ya wazi ya kutosha karibu na makazi. Ng'ombe wengi walilala na kula ndani ya nyumba ya msonge pamoja na watu. Chakula kiliwafuata: nyasi zilizokatwa, majani ya migomba, na mgomba uliokwisha kuvunwa, ambao ulikatwakatwa na kumpa mnyama lishe na maji kwa pamoja. Samadi ilirudishwa kwenye migomba. Ng'ombe huyo wa kienyeji, wa aina ya zebu, alitoa lita moja au mbili kwa siku, na kwa macho ya ofisa wa mifugo asingestahili jina la ng'ombe wa maziwa. Lakini kumpima kwa lita peke yake ni kukosea. Bila samadi yake, kihamba kinacholimwa mfululizo kizazi hadi kizazi kingechoka.

Desturi nyingine inastahili kutajwa, kwa sababu itarejea mbele. Mwenye ng'ombe wengi aliwaweka baadhi yao kwa jirani au ndugu. Mtunzaji alipata maziwa na samadi, na baada ya muda alipewa sehemu katika uzao. Mnyama mwenyewe alibaki mali ya aliyemweka. Ng'ombe kwa hiyo alikuwa pia mkataba, na mahakama za wamangi zilisikiliza kesi nyingi zilizotokana na mikataba ya namna hiyo.

Zao lililopimwa

Kahawa ya arabika ilipandwa Kilema na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka unaotajwa kwa kawaida ni 1898. Kuenea kwake kwa wakulima wadogo kulipata msukumo chini ya utawala wa Waingereza, hasa wakati Charles Dundas alipokuwa msimamizi wa wilaya ya Moshi. Walowezi walipinga. Walidai kwamba kahawa ya Waafrika ingesambaza magonjwa, ingawa hofu yao kubwa, kwa maoni ya mwandishi, ilikuwa kupoteza vibarua: mtu mwenye kahawa yake mwenyewe hana haraka ya kwenda kuchuma ya mwingine. Chama cha wapandaji wenyeji, KNPA, kilichoundwa mwaka 1925 chini ya Joseph Merinyo, kilikuwa jibu la wakulima kwa shinikizo hilo. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na KNCU, chama kikuu ambacho mkulima alilazimika kuuza kahawa yake kupitia kwake. Ghasia za mwaka 1937, wakati bei ilipokuwa duni, zinaonyesha kwamba ulazima huo haukupokewa kwa furaha na wote.

Jambo la kuzingatia kwa mtafiti ni kwamba kahawa iliingia ndani ya kihamba bila kukivunja. Haikuhitaji shamba lake yenyewe. Ilisimama chini ya mgomba na kula samadi ileile. Kwa maana hiyo ng'ombe alilipia kahawa. Hata hivyo mkulima alipopeleka kahawa ghalani, karani aliandika uzito wa kahawa, jina la mwanachama na fedha aliyolipwa. Hakuna mahali palipoandikwa mizigo ya nyasi.

Huu si upungufu mdogo wa kumbukumbu. Kahawa ilikuwa mali ya mwanamume kwa sababu ardhi ilirithiwa na wana wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho, na jina lililoandikwa katika daftari la chama lilikuwa la mwenye ardhi. Maziwa yalikuwa mikononi mwa mama wa nyumba. Yalinywewa, yaligandishwa, yalipelekwa kwa mzazi aliyejifungua, na kiasi kidogo kiliuzwa kwa jirani kwa kipimo cha kikombe bila stakabadhi. Mwanahistoria anayefuata nyaraka za chama na za serikali atakutana na mwanamume mwenye kahawa karibu kila ukurasa. Mwanamke mwenye maziwa atamkuta kwa nadra, tena pembezoni.

Kahawa yalegea

Kulegea kwa kahawa hakukuanza na soko la dunia. Katika miaka ya 1960 chulebuni, ugonjwa unaooza punje changa, uliingia mlimani, na unyunyiziaji wa dawa za shaba ukawa gharama ya kila msimu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU kikiwamo, na ununuzi ukawekwa chini ya mamlaka ya zao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini mkulima aliyekwisha kuzoea malipo ya kuchelewa hakurudi na imani ileile. Wakati huo huo vihamba vilikuwa vimegawanywa mara nyingi kwa wana hivi kwamba vingi vilikuwa chini ya hekta moja. Julai 1989 mgao wa mauzo uliokuwa umewekwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulisimamishwa. Kufikia mwaka 1992 bei ya dunia ilikuwa chini ya nusu ya ile ya 1988. Msimu wa 1994/95 ununuzi ulifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, na ruzuku ya pembejeo ikawa imetoweka.

Wengi hawakung'oa mibuni yao. Waliiacha bila kupogoa wala kunyunyizia, wakaongeza migomba na mboga, na pale walipoweza wakaingiza ng'ombe chotara wa Friesian, Ayrshire au Jersey. Ng'ombe huyo aliyetunzwa vizuri aliweza kutoa kwa siku moja maziwa ambayo zebu angeyatoa kwa juma zima. Alikuja kwa njia kadhaa: kununuliwa kutoka mashamba makubwa, kuzalishwa kwa uhimilishaji, au kupitia mipango ya mashirika ya dini na ya maendeleo iliyojulikana kwa jina la kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo aliyepewa mtamba alirudisha mtamba wa kwanza aliyezaliwa ili apewe mwingine. Maofisa wa mipango walieleza utaratibu huo kana kwamba ulihitaji kufundishwa. Mzee yeyote wa mlimani aliutambua. Ulikuwa ni ndugu wa ile desturi ya kuweka ng'ombe kwa jirani, tofauti ikiwa kwamba sasa mwenye kuweka alikuwa shirika, na hesabu ilikuwa na mwisho.

Maziwa yapata daftari

Lita zilipoongezeka, swali la kale la nani mwenye maziwa liliamka. Maziwa ya kunywa nyumbani hayakuwahi kugombaniwa. Maziwa ya kulipia karo ni jambo jingine. Mfano unaofaa kuchunguzwa ni wa kijiji cha Nronga, Machame, wilayani Hai, ambako mwaka 1988 wanawake walianzisha chama chao cha ushirika wa maziwa. Maziwa yalipokelewa, yakapimwa na kuandikwa kwa jina la mwanamke aliyeyaleta, na malipo yakatolewa kwake. Tofauti na daftari la kahawa haihitaji maelezo marefu. Wanawake hao hawakuwa wakidai haki mpya. Walikuwa wakiilinda ya zamani isihamie kwingine baada ya kuanza kuwa na thamani sokoni.

Isidhaniwe kwamba ushindi ulikuwa kamili. Ng'ombe chotara mara nyingi alinunuliwa kwa fedha za mume au za mtoto aliye mjini, na aliyenunua alijiona mwenye mnyama na mwenye maziwa. Kazi nayo iliongezeka. Chotara hatosheki na mgomba na majani ya kando ya mfereji. Anahitaji matete, majani ya Guatemala, pumba na mashudu. Mwandishi wa makala haya amekulia mlimani na anakumbuka wanawake waliorudi jioni kutoka tambarare, wakipanda mlima kwa miguu na mizigo ya nyasi kichwani mikubwa kiasi kwamba kwa mbali ilionekana inatembea yenyewe. Leo sehemu ya mzigo huo imehamia kwenye magari yanayopandisha mabua ya mahindi na majani makavu. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini ina bei yake, na mwaka wa ukame bei ya mabua hupanda kabla ya bei ya maziwa.

Athari nyingine hutajwa kwa nadra katika tafiti za maziwa. Mabua yanayopanda mlimani hubeba rutuba ya tambarare, na samadi inayotokana nayo hubaki kihambani. Zamani ng'ombe aliizungusha rutuba hiyo zaidi ndani ya kihamba chenyewe. Sasa kihamba kinalishwa na mashamba ya chini, ambayo wenyewe hayapati samadi kwa sababu kuibeba hadi huko ni ghali. Migomba ya juu ikionekana imestawi, mtafiti anapaswa kuteremka na kutazama mahindi ya chini kabla ya kuandika kwamba mfumo mzima uko salama.

Mwaka 2001 Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania ilianza kazi yenye makao yake Lyamungo, na miche chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani imepandwa katika baadhi ya vihamba vilivyokuwa vimeitelekeza kahawa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia. Mtafiti anayekwenda huko kuhesabu mibuni hana budi kufika pia nyuma ya nyumba, aulize zilikokatwa nyasi, aliyezikata ni nani, na maziwa ya asubuhi ile yameandikwa kwa jina la nani.