Mbele ya Boma la Same

Same iko chini, juani; Wapare wenyewe ni watu wa juu. Milimani ndiko kwenye mvua, migomba na ndiva, yale mabwawa ya kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilipita huku tambarare kwenda Moshi, ikafika huko mwaka 1911. Waingereza nao walipounda Wilaya ya Pare mwaka 1928, wakaweka boma lao Same. Tangu hapo mwenye shauri na serikali ilimbidi ashuke.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ikaja kodi mpya, mbiru. Kodi ya kichwa watu walishaizoea, kila mwanamume kiasi kilekile. Mbiru ilitaka mtu ahesabiwe ng'ombe, mbuzi na mashamba yake, kisha akadiriwe. Kukaguliwa zizi na karani ni kuvuliwa nguo mbele ya majirani, na machifu walikuwa upande wa karani.

Januari 1945 maelfu ya wanaume wakashuka Same. Kodi ya kichwa wako tayari kulipa, mbiru hawaitaki. Wakapiga kambi kwenye boma, na miezi ikapita.

Kila nikisoma habari za kambi ile nakumbuka Shamian, kisiwa kidogo katika jiji la Guangzhou, China. Waingereza na Wafaransa walikikodi mwaka 1861, wakajenga nyumba za nguzo na roshani ambazo wageni hadi leo huenda kuzitazama. Mfereji ulikitenga na jiji, na usiku milango ya madaraja ilifungwa ili Wachina wasivuke. Tarehe 23 Juni 1925 waandamanaji walipita ng'ambo ya mfereji huo. Risasi zikatoka kisiwani, na zaidi ya watu 50 wakafa. Ukifika Shamian, zitazame hizo roshani, ni nzuri kweli. Kisha nenda kasimame ng'ambo.

Same haikuwa na mfereji. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliandika kijitabu juu ya mbiru mwaka 1971, na bila kazi ya aina hiyo boma lingebaki jengo tu.

Milimani, wakati huo, wanawake walibaki na watoto, mashamba na ndiva za kuzibua. Mapema mwaka 1946 uvumilivu ukaisha. Kule Usangi mamia yao walimkabili mkuu wa wilaya wakampa mambo mawili achague: amalize shauri la kodi waume zao warudi, au yeye mwenyewe awape mimba wote. Mzungu aliyezoea kuona wanaume wamekaa kimya mbele ya ofisi yake sasa alizungukwa na mama zao, wake zao na dada zao, juu huko kwao.

Mbiru ikaondolewa. Wanaume wakapanda mlima.